Mwanamke Aliyeshuhudia Mbegu

Mwaka ule mvua ndefu ilitukuta hatuna mbegu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani karibu na Rongo nikisubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kumfuata mama shambani na sokoni. Maduka ya pembejeo mjini yalikuwa yameishiwa na mahindi ya kupanda. Ukiuliza, mwenye duka anakwambia lori linakuja kesho. Ukirudi kesho, anakwambia kesho. Huku shamba limeshalimwa, limelowa, na waliojaliwa akiba wameanza kupanda.

Siku ya soko, pikapu nyeupe ikasimama karibu na wauza viatu vya mitumba. Akashuka mwanamume aliyevaa koti la kaki. Hakupiga kelele kama wachuuzi wengine. Alifungua nyuma ya gari, akapanga mifuko ya karatasi yenye picha ya hindi, akasubiri watu wamjie. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari, na hilo peke yake lilitufanya tumpe heshima. Kwetu Kiswahili cha namna hiyo kilikuwa lugha ya ofisi.

"Mama zangu, mimi si mchuuzi," alisema. "Hizi ni mbegu zilizobaki baada ya kugawia vikundi vya wakulima. Nimeambiwa nisirudi nazo. Zikiisha, zimeisha."

Mama yangu hakuwa mtu wa kukimbilia vitu. Ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa kijijini kwetu, na walimchagua kwa sababu ya ugumu wake. Aliuinua mfuko, akautazama juu na chini.

"Mbona bei iko chini kuliko ya dukani?"

"Kwa sababu hapa hakuna duka, mama. Duka linalipa kodi, linalipa stima."

"Na zisipoota?"

"Nitakuandikia risiti. Njoo nayo ofisini."

Hakusema ni ofisi gani, na hakuna aliyemuuliza. Maana papo hapo mwanamke mmoja alijisogeza mbele, wa umri wa mama, leso kiunoni, kikapu cha mboga mkononi. Yeye alisema kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, kama jirani anayesimulia mambo kisimani. "Hizi ndizo nilizopanda mwaka jana. Ghala lilijaa, nikaweka magunia chumba cha kulala. Mzee wangu akaniuliza kama nimemwolea mahindi yawe mke wake wa pili." Watu wakacheka. Akatoa pesa kwenye fundo la leso, akachukua mifuko miwili, akapotea katikati ya watu.

Nimefikiria sana kicheko kile. Yule mwanamume alitupa heshima ya ofisi, yule mwanamke akatupa ujirani, na baina ya hivyo viwili hatukubakiwa na pa kusimamia tukafikiri. Mama alinunua, akaandikiwa risiti. Wenzake wa kikundi, waliokuwa wamesimama nyuma wakimtazama, nao wakanunua. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mjane mwenye watoto wengi na shamba kubwa kuliko letu, alinunua kuliko sote.

Tulipanda kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Rangi nyekundu ya mbegu, kama ile ya dawa ya mbegu za dukani, ilitushika viganja vyote vikawa vyekundu. Yule jirani alinyoosha mikono yake juu akasema, "Tazameni, leo nimepakwa hina kama bibi harusi wa Mombasa!" Tukacheka hadi tukakaa chini.

Halafu tukangoja. Maharagwe tuliyochanganya na mahindi yalitoka, yakafungua majani. Mahindi yalitoka moja moja, mbalimbali, kama meno ya kikongwe. Mama alikuwa akienda shambani alfajiri, anachutama, anafukua kwa kidole. Siku moja alirudi na punje kadhaa kwenye kiganja. Rangi ilikuwa imeoshwa na mvua. Zilikuwa mahindi ya kawaida, nyingine za njano, nyingine nyeupe, na zaidi ya moja ilikuwa na tundu la fukusi.

Tulizipeleka kwa afisa wa kilimo. Alikuwa kijana mpole, hakutucheka. Alitwaa mfuko mtupu tuliokwenda nao, akaonyesha kwamba mdomo wake ulishonwa kwa mkono, kwa uzi wa gunia. Kisha akatuletea mbegu halisi kutoka kabatini, akatuambia tunuse. Zilikuwa na harufu kali ya dawa iliyokwaruza pua.

"Hizi zenu zilinukia nini?" aliuliza.

Mama alifikiri. "Hazikunukia kitu. Zilinukia mahindi."

"Hiyo ni rangi ya chakula, mama. Wanachovya mahindi ya sokoni, wanayaanika." Alipoulizwa kuhusu risiti, aliisoma akairudisha taratibu. Ofisi iliyoandikwa pale haikuwahi kuwepo.

Tukarudi nyumbani. Jioni mama alivaa gauni lake la kanisani, nikadhani anaenda maombi. Kumbe alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba. Nilimfuata. Kila mahali aliyasema yale yale, akiwa amesimama, akikataa kiti: "Mbegu zile ni za uongo. Mlinunua kwa sababu mliniona nikinunua. Msingoje tena. Ng'oeni, pandeni mtama au viazi wakati bado kuna mvua." Wengine walimtuliza. Mmoja alimwambia kwamba mumewe hajui, tafadhali apunguze sauti. Yule jirani mjane alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Sawa," akaingia ndani kuendelea kupika. Sijawahi kusikia neno zito kama lile.

Nilimuuliza mama kwa nini ajiaibishe hivyo, wakati hata wengine wangeona wenyewe. Akanijibu, "Nyathina," yaani mwanangu, "aibu yangu ikikaa kimya, mtu mwingine atainunua soko lijalo."

Miezi kadhaa baadaye, dada yangu aliyeolewa Homa Bay alijifungua, tukaenda kumwona. Asubuhi ya kurudi tulipitia sokoni kutafuta omena, dagaa wa ziwani, ya kubeba. Tulipokuwa tukichagua, nilisikia sauti ya Dholuo nyuma yangu ikisema, "Kuku wangu wote walikuwa wanasinzia. Nikawapa hii kwenye maji ya kunywa, na kesho yake jogoo akaniamsha." Watu wakacheka.

Kilikuwa kicheko kile kile. Niligeuka. Leso nyingine, kikapu kingine, mwanamke ni yule yule aliyetusifia mbegu. Mbele yake, kijana ambaye hatukuwahi kumwona alikuwa amepanga pakiti za unga wa kijani juu ya turubai: dawa ya kideri, ugonjwa unaofagia kuku boma zima.

Nilifungua mdomo nipige nduru. Mama alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia.

"Ukiita mwizi hapa, watamuua," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka kuona hayo?"

Sikutaka. Miaka ile ilitosha mtu mmoja kutamka neno hilo sokoni, mawe yakaanza. Mama aliniachia mkono, akatembea polepole hadi kando ya yule mwanamke, akamwamkia vizuri, akamuuliza kama dada anayemuuliza dada:

"Mama, yale mahindi uliyolaza chumbani kule Rongo, yaliisha salama?"

Yule mwanamke alimtazama, akamtambua. Sikuwahi kuona uso ukiishiwa damu namna ile. Mama akawageukia wanunuzi. "Mimi nina kuku pia." Kisha akamwambia kijana, "Kaka, tuachie hii dawa kidogo tuijaribu. Ikiponya, soko lijalo tutainunua sote, hata kwa bei mara mbili. Si utakuwepo?"

"Mimi nasafiri leo," kijana alisema.

"Basi dawa ya mtu anayesafiri leo, kuku akifa kesho nitamtafuta nani?"

Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa pesa akazirudisha kifuani. Mwingine akarudisha pakiti kwenye turubai. Hakuna aliyepiga kelele, walitawanyika tu. Kijana alikunja turubai lake haraka, akaondoka bila kumngoja shahidi wake.

Yule mwanamke alibaki amesimama. Nilitarajia mama amtukane. Alimuuliza, "Wanakupa nini?"

"Chakula cha siku hiyo," alisema akitazama chini. "Na nauli. Mara nyingine hawanipi nauli."

"Kwetu kuna watoto wamekula mihogo asubuhi na jioni kwa sababu ya mdomo wako."

"Wangu pia wanakula mihogo," alijibu. Hakusema kwa kiburi, wala hakuomba msamaha. Tukalipia omena yetu tukaondoka.

Nyumbani mama aliwasimulia wenzake wa kikundi. Wengi walipiga makofi. Yule jirani mjane hakupiga. "Ulimwona kwa macho yako ukamwacha aende," alisema. "Ungewaita hata askari."

"Kabla askari hawajafika angekuwa amekwisha kufa."

"Na mimi? Mahindi yangu nani atanirudishia?"

Najua nilifurahi kwamba sikupiga nduru. Najua pia kwamba jirani yetu aliuza ng'ombe wake wa maziwa mwaka ule ili watoto wabaki shuleni, na kwamba kutovunjwa kichwa kwa mwanamke wa Homa Bay hakukumrudishia ng'ombe.

Mvua za vuli zilipokaribia, maduka yalikuwa na mbegu. Akina mama walijifunza kufungua mfuko papo hapo mbele ya muuzaji, wakanusa, kisha wakafunga punje chache kwenye kitambaa chenye maji na kuziweka karibu na jiko, waone mizizi kabla ya kushika jembe. Wenye maduka walilalamika kwamba tunawafanya waonekane wezi. Jirani yetu alipanda wiki moja baada yetu, peke yake na wanawe, bila kutuita tumsaidie kama zamani, na alipotuona tukipita njiani na majembe alituamkia, akainama tena kwenye mstari wake.