Tulivyomwachia Mama Runinga

Tarehe kumi na mbili Machi mwaka huu tulimzika mama kule Nkoaranga, katikati ya migomba yake na kahawa. Nilimpoteza yeye, pamoja na kitu kingine ambacho sikujua kimepotea mpaka niliporudi mjini.

Enzi zetu, umeme ulipofika kwa jirani naye akanunua runinga, tulikuwa tunakwenda kuchungulia dirishani kwake, tumepandiana mabegani. Baba alikuwa ameuza kahawa vizuri, angeweza kununua yake. Mama akakataa. "Hicho chombo kinaongea peke yake," alisema. "Nyumba hii ina watu wa kuongea." Baadaye tuliipata, ndogo, lakini mama aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, akawa anaifunua Jumamosi tu.

Jioni nyingine zote tulikaa jikoni, moshi ukitutoa machozi, mvua ikipiga majani ya migomba, tukimenya maharage mabichi. Hapo ndipo mama aliposimulia, kwa sharti moja: "Mikono ikisimama, hadithi inasimama." Mara nyingine maharage yaliisha kabla ya hadithi, na dada yangu Ndeshi akakimbilia stoo kuleta ya kesho, ili tu tusikie habari za yule mwanamke aliyemfuata mbuzi wake hadi kwenye ukungu wa mlimani. Mbuzi yule aliimba, tena kwa Kimeru. Watoto wa siku hizi umeme ukikatika wanaangaliana kama abiria walioharibikiwa na basi. Sisi tulikuwa tunaomba kazi iongezwe.

Mama alipoanza kuumwa miguu nilimleta kwangu mjini, Elerai. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kwenye biashara yangu nilimwashia runinga. Niseme ukweli, niliona namtendea wema. Miaka miwili alikaa kwenye lile kochi akitazama tamthilia za watu wa mbali, ambao hata majina yao hakuweza kuyatamka.

Jioni moja alianza, "Zamani palikuwa na mwanamke na mbuzi wake..."

Mwanangu Neema akamkatiza, "Bibi, subiri kwanza, imefika patamu."

Mama akasubiri. Mimi nilikuwepo, nakata mchicha. Nikaendelea kukata. Tamthilia ikaisha, ikaja nyingine, na mama hakuanza tena. Siku ile wala siku nyingine yoyote.

Baada ya msiba niliihamishia runinga chumbani kwangu. Sasa inatoka Jumamosi tu. Watoto walinuna wiki nzima. "Mama, sasa tutazame nini, ukuta?" aliuliza mdogo.

Ijumaa iliyopita niliwawekea maharage mezani, nikaanza kuwasimulia. Mwanamke akapanda mlima, ukungu ukamfunika, mbuzi akamwita kwa wimbo.

"Aliimbaje?" Neema akauliza.

Nikafungua mdomo. Wimbo haukuja. Nikajaribu kuuruka niende mwisho, na mwisho nao haukuwepo. Nikachukua simu, nikampigia dada Ndeshi hapo hapo.

"Dada, shikamoo. Ule wimbo wa mbuzi wa mama ulikuwaje? Na yule mwanamke, alirudi nyumbani?"

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilijua wewe unao. Si mama alikuwa kwako?"