Picha ya Kilimia kwa Mama

Nakumbuka jioni moja pale Chumbi, mwanangu, nilipopanda na darubini juu ya dungu. Usicheke. Ndevu zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe, lakini katika kupiga picha za nyota nilikuwa mtoto mchanga kabisa.

Dungu unalijua, kile kibanda cha miguu mirefu tunacholindia mpunga. Ndiko mama yangu alikonionyesha Kilimia nilipokuwa mdogo, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Angani hakukiona tena, ila simu akiisogeza karibu na pua aliweza bado kuona picha. Aliniomba kitu kimoja tu, akione Kilimia kabla macho hayajafunga kabisa. Roho iliniuma.

Basi nikaifunga simu kwenye darubini, nikapanda. Wapi! Kila picha ilitoka mistari mitupu, kama panya aliyepita na miguu yenye unga. Nikasonya, nikalaumu simu, nikalaumu upepo, nikamlaumu hata aliyeniuzia darubini, maskini, asiye na kosa. Kesho yake hivyo hivyo, na mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya upande wa bahari.

Mama, aliyekuwa amekaa chini kwenye jamvi, akaniita.

"Saidi, huko juu unampigia nani picha?"

"Wewe, mama."

"Mimi nipo huku chini peke yangu, mbu wananimaliza. Hebu shuka, baba, tukae wote."

Nilishuka nimenuna, nakwambia kweli. Nikaisimamisha darubini kwenye ardhi ngumu kando ya jamvi lake, ili tu asinung'unike. Nikabonyeza, tukasubiri. Picha ikatoka, nyota zimetulia moja moja, hata zile ndogo ambazo sikuwahi kuziona maishani mwangu. Kumbe dungu lilikuwa likitikisika kila nilipovuta pumzi!

Mama akaisogeza simu hadi puani, akakaa nayo kitambo.

"Kumbe bado zipo," akasema. Akalia, nami nikalia.

Mwanangu, ukianza jambo na likakuharibikia, usivunjike moyo, wala usikimbilie kulaumu chombo. Tazama kwanza umesimama wapi. Na kazi unayomfanyia mtu, ifanye karibu naye. Mimi nilipanda juu kumtafutia mama nyota, nikamwacha chini na mbu. Leo macho yake yamefunga, lakini mawingu yakiachia tu ananiuliza kama nimepiga nyingine. Nampigia palepale kando ya jamvi, kisha namsimulia nilichokiona, naye ananisahihisha.

Mwenyezi Mungu akupe subira, akutunzie macho yako, na akujaalie siku zote mtu wa kukuita ushuke.