Ng'ombe Aliyegeuka Kutazama

Kwa miaka kumi na tisa Ecodu alizunguka Dabani na pikipiki yake na sanduku la dawa, akitibu mifugo. Watu walimwita daktari ingawa alikuwa na cheti tu, na kwa kawaida hakubahatisha. Ila siku ile ya ng'ombe wa Benedeta alikuwa na haraka. Malori ya mifugo yalikuwa yanamngoja mpakani Malaba ayakague.

Ng'ombe alikuwa ameteleza akaanguka kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali, na miguu ya nyuma haikuinuka tena. Ecodu alimdunga sindano kwenye ngozi ya paja, mara tatu. Ng'ombe akaendelea kucheua.

"Uti wa mgongo umekatika, Mama. Habari za miguu hazifiki tena kichwani. Mwite Otai amchinje."

"Lakini Daktari, asubuhi nilimbana kwato kwa nguvu nikitoa jiwe. Aligeuka akanitazama."

"Mguu huruka wenyewe, hata kichwa kisijue."

"Sikusema mguu. Nimesema aligeuka."

Ecodu alikuwa ameshawasha pikipiki.

Jioni alirudi kukagua nyama. Otai alikuwa ameufungua mgongo kwa msumeno. Ecodu akainama pale palipoumia. Ile kamba nyeupe ya fahamu inayopita ndani ya pingili haikuwa imekatika. Ilikuwa imevimba tu na kuvia damu.

Chuoni walimfundisha kwamba maumivu ya ngozi hupotea mapema, lakini yale mazito ya mfupani yana njia zake za kupanda hadi kwenye ubongo, na hizo ndizo hufa mwisho. Ndiyo maana kwato hubanwa kwa koleo huku unamtazama mnyama usoni, si mguuni. Benedeta alikuwa amekifanya kipimo hicho kwa mikono yake bila kufundishwa na mtu. Huenda ng'ombe angesimama baada ya wiki tatu, huenda asingesimama. Nafasi hiyo hakupewa.

Ilimchukua wiki sita kupata ujasiri wa kusema. Alimkuta Benedeta nje ya kanisa, akamweleza yote, akaahidi kumpa mtamba wake mmoja. Benedeta akakataa.

"Nilidhani wewe ndiye unayejua," alisema. "Ndiyo nikanyamaza."

Siku hizi mifugo yake hutibiwa na mtu wa kutoka Tororo. Ecodu akipita barabarani humsalimia, naye huitika vizuri tu, bila kusimamisha jembe.