Aliyesimama Chini ya Lango la Kanisa Kuu

Niliondoka kijijini kwetu Isansa kwa hasira, si kwa hamu ya kutembea. Mume wangu Baba Ester, fundi mwashi, alikuwa ametuma habari: lango la mawe la kanisa kuu karibu na Tunduma limekamilika, na Jumamosi mbao zinazolishikilia zitaondolewa. Yeye ndiye aliyeweka jiwe la mwisho juu katikati, na desturi ya waashi wa pale ni kwamba aliyeliweka husimama chini yake mbao zikitolewa. Desturi gani hiyo, jamani! Nikamwachia mama mkwe watoto, nikadandia lori la mahindi.

Tunduma nilipokelewa na wifi yangu. "Tua mzigo kwanza, wifi, ule."

"Nile nini, na kaka yako anataka kuniacha mjane?"

Kanisani nikaliona lango lenyewe. Nguzo mbili nene za mawe ya kijivu, na juu yake mawe yaliyochongwa mapana juu, membamba chini, yameegemeana hadi kukutana katikati. Padri alikuwa ameagiza nguzo zipambwe kwa mizabibu. Kwa kuwa hakuna fundi aliyewahi kuona zabibu, walichonga kahawa, matawi yameinama kwa matunda kama ya shambani kwetu.

Baba Ester alikuwa amekwisha kusimama chini yake.

"Toka hapo!" nikapayuka.

"Mama Ester, nikikimbia mimi niliyelijenga, nani atathubutu kupita kwenda kusali?"

"Wasalie nje!"

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nyundo zikaanza kugonga kabari zilizobana mbao. Mbao ya kwanza ikashuka, mchanga ukammwagikia mabegani, jiwe moja likalia kah! Nikafumba macho nikaomba kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, maana Kiswahili kilinikimbia. Nilipofumbua, mbao zote zilikuwa chini, lango limesimama, na mume wangu anajikung'uta mchanga. Mungu ni mwema! Nikaketi palepale vumbini, nikicheka huku nalia.

Tukiwa ndani ya lori la kurudi, alinieleza kwamba kila jiwe pale linataka kuanguka, ila jirani yake haliachii nafasi. Nilimwelewa vizuri sana.

Nyumbani mama mkwe akauliza lile jiwe la katikati limechongwaje.

"Sijui, mama."

Baba Ester akaruka. "Safari yote ile, hukulitazama jiwe langu?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Akaanza kuvua viatu. Bado vilikuwa na mchanga.