Bunduki Begani mwa Rukunda

Siku ya soko, saa mbili ya asubuhi, simu yangu iliniletea foto ya muntu mwenye bunduki.

Foto hiyo niliipiga mimi mwenyewe.

Lakini siku niliyoipiga, bunduki haikuwepo.

Someni polepole. Mwenye kutaka kunitukana angoje mwisho, na ajue hatakuwa wa kwanza.

Mi naitwa Félicité, mukaaji wa hapa Baraka, muji wetu wa kando ya ziwa. Bwana yangu Bonaventure, Mungu alipomuita, aliniachia batoto bane, aparei ya foto, na ordinatere moja nzee, kompyuta ambayo vibonye viwili vyake vilishang'oka. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Kazi ya foto nilijifunza kwa macho, nikikaa nyuma ya bwana yangu miaka kumi na moja bila kumusumbua.

Kwa hiyo niko na utaratibu wangu, na siuvunji.

Asubuhi naomba, napanguza kioo cha aparei, naangalia batiri. Muntu akija namuuliza jina kwanza. Napiga foto tatu tu: moja amesimama, moja amekaa, moja vile anapenda mwenyewe. Sibonyezi mpaka atoe pumzi, ju muntu aliyebana pumzi anatoka kwenye foto kama anayedaiwa.

Nikirudi nyumbani naingiza foto zote kwenye mashini, makundi mawili.

La kwanza nimeliita MBICHI. Hizo sizigusi, hata zikiwa na vumbi.

La pili nimeliita ZIMEIVA. Hapo njo jikoni kwangu. Kwanza nanyoosha, ju ziwa likiinama nyuma ya muntu, foto yote imelewa. Halafu mwanga. Halafu weusi: kuna kamushale kadogo unakokota kushoto, vivuli vinakuwa vizito, bantu banapenda sana. Mwisho natoa chunusi. Ngozi ya muntu siifanyi nyeupe. Mungu alishamaliza kupaka rangi, mi ni nani niongeze?

Ng'ambo ya barabara iko studio ya Dany.

Dany yeye anaongeza. Babibi-arusi anabapausha mpaka bakwe banauliza kama ni muntu mwingine. Muvuvi mumoja alipofariki, Dany alimuvalisha suti na tai kwa mashini, vifungo vya dhahabu. Kwenye kilio bantu balikuwa banacheka na kulia pamoja.

Sikumupenda. Nasema ukweli.

Sasa, Muzee Rukunda. Huyu ni mufugaji wa kule juu Bibokoboko, alikuwa anashuka hapa kuuza siagi. Muntu mupole, anasalimia mpaka kuku. Mwezi mumoja kabla ya ile foto ya bunduki, saa kumi ya mchana, akiwa anarudi juu, alinisimamisha kwenye mupando, pale barabara inaanza kupanda mulima.

"Mama Félicité, nipige foto vile nasimamaka na ng'ombe. Mutoto wangu Igihozo aone."

"Igihozo iko wapi?"

"Nairobi. Miaka sita sijamuona."

Akaweka fimbo yake begani. Katikati ya fimbo, karibu na ngumi, alikuwa amefunga kibuyu kidogo cha maziwa kwa kamba, vile bafugaji banafanyaka bakiwa na safari. Jua lilikuwa nyuma yake. Akatoa pumzi, nikabonyeza.

Nikaivisha foto, nikamutumia Igihozo kwenye WhatsApp. Simu ya muzee ni ya kupigia tu, foto haiingii. Igihozo akanirudishia mioyo mitatu myekundu.

Nikafurahi. Nikasahau.

Mpaka ile siku ya soko.

Muntu aliyesimama kwenye foto alikuwa Rukunda, mupando ule ule, kofia ile ile. Lakini begani alikuwa na bunduki nyeusi tii, hata pale risasi zinapokaa panaonekana. Chini bameandika: BAMESHUKA. ANGALIENI SILAHA. TUMA KWA BANTU KUMI. Hapa kwetu neno "bameshuka" linatosha: bantu banaogopa benye silaha ba kule juu mulimani.

Kabla sijakaa chini, simu ikalia. Ni Déogratias, shefu wetu wa kartie, mukubwa wa mutaa.

"Mama, yule muzee wa siagi iko kwangu ndani. Bavijana bamejaa ku mulango, banasema njo yeye wa foto. Unamujua?"

"Namujua. Foto ni yangu, shefu. Bunduki si yangu."

"Basi kuja upesi. Hii mulango yangu ni ya mbao tu."

Nikasimama katikati ya nyumba, nikajiuliza: nani hapa Baraka anajua kutia kitu kwenye foto?

Na nani, wiki iliyopita, mashini yake ilikufa, akaja kukaa kwenye mashini yangu saa mbili nzima amalize foto za ubatizo, na mi nikamuacha peke yake nikaenda kuteka maji?

Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Sikuomba. Nilivuka barabara kitambaa cha kichwa kikiwa mukononi.

"Dany! Umemupa muzee bunduki!"

Alikuwa anatafuna mukate. "Bunduki gani tena, Mama? Hapa tunauza foto."

"Ulikaa ku mashini yangu! Uliiba foto ya Rukunda ukamutia silaha! Unataka bamuue?"

Nikamusukumia simu usoni. Akaiangalia, akavuta mudomo.

"Mama Félicité, mi nikitia bunduki, utaisikia na mulio. Hii ni kazi ya muntu asiyejua. Weusi umemwagwa kama makala."

Bantu bakacheka. Kile kicheko kiliniumiza kuliko neno lenyewe.

"Utacheka mbele ya Mungu," nikamuambia, na nikatema mate chini, hapo mulangoni kwake. Mi, mama wa kwaya. Bamotari bote ba pale soko, benye kubeba bantu na pikipiki, balisikia. Mukubwa wao, Patrice, aliniuliza, "Kumbe njo Dany?"

"Njo yeye," nikajibu. "Nifuateni, nitabaonyesha."

Nikachukua mashini, nikaifunga kwenye kitenge kama mutoto, nikaenda kwa shefu.

Bantu balikuwa bengi. Wengine na mawe, wengine na simu juu, banangoja kupiga video ya kifo cha muntu. Hao ba simu njo balinikasirisha zaidi. Shefu Déogratias alikuwa amesimama kwenye mulango na mikono miwili wazi, shati limelowa.

Nikaweka mashini kwenye kiti chake, nikafungua MBICHI.

Rukunda akatokea. Koti la kijani. Fimbo ya muti, na alama za kisu. Kibuyu. Kamba, na fundo lake.

"Patrice, hii ni nini?"

Akainama. "Ni kibuyu."

"Sema kwa sauti."

"Ni kibuyu cha maziwa! Angalieni hata kamba!"

Mawe yakaanza kushuka. Mama mumoja akasema, "Yesu, tulikuwa tunaua muntu wa maziwa." Mwingine akasema, "Basi huyu Dany alitaka tumwage damu ya bule!"

"Dany! Twende kwa Dany!"

Bakageuka bote, bakakimbia.

Na mi, nilipenda ule mulio wa miguu yao. Siwezi kuficha. Nilisimama pale nikisema moyoni, endeni, endeni, mumufundishe.

Rukunda akatoka ndani. Akakaa chini kwenye udongo, karibu na kiti, akaangalia uso wake kwenye mashini muda mrefu.

"Njo hii Igihozo aliona?"

"Apana, muzee. Yeye nilimutumia iliyoiva."

"Mi sijaiona bado. Nionyeshe."

Nikafungua ZIMEIVA.

Nikaiangalia. Nikachukua simu, nikaweka kando yake. Nikaangalia tena.

Ilikuwa moja.

Weusi ule ule. Kamba imepotea. Fundo limepotea. Koti limekuwa giza, fimbo imekuwa chuma, na kile kibuyu kimekuwa pale risasi zinapokaa. Nilitafuta mahali ambapo muntu amebandika kitu. Hakuna. Foto ile haikuguswa na muntu mwingine yeyote. Nilikokota kamushale kushoto mi mwenyewe, nikasema ni nzuri, nikatuma.

Rukunda hakusoma shule, lakini alielewa kabla sijafungua mudomo.

"Funga mashini, mama."

"Muzee..."

"Funga. Bakijua hakuna aliyeiharibu, batasema basi ni bunduki ya kweli. Niko na mulima mbele yangu. Niache niende."

"Na Dany?"

"Dany ni mutoto wa hapa. Batamupiga, kesho batamununulia bia. Mi nani ataninunulia bia?"

Kutoka barabarani tukasikia kioo kinavunjika.

Nitasema kile nilifikiri, ju Mungu anakijua tayari. Nilifikiri: hakuna aliyeona. Muzee amepona. Dany ni mwenye kiburi, kofi mbili hazitamuua. Na mi nitaendelea kuwa Mama Félicité anayeheshimiwa.

Kioo cha pili kikavunjika.

"Shefu, mufungie muzee ndani," nikasema. Nikakimbia na mashini kifuani, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Studio ilikuwa wazi. Foto za babibi-arusi zilikuwa chini, bantu banazikanyaga. Dany alikuwa amebanwa kwenye ukuta, damu kwenye nyusi, amekumbatia aparei yake. Mbele yake Patrice, na jiwe.

"Patrice! Weka jiwe, nipe kidole."

"Nini?"

"Kidole chako! Kuja hapa!"

Nadhani alikuja kwa sababu ya kushangaa tu. Nikaweka mashini juu ya meza ya Dany, nikatoa kopi ya ile mbichi, ju yenyewe siigusi hata siku kama ile.

"Unaona kamushale haka? Kokota kushoto. Polepole."

Akakokota. Koti la kijani likaondoka.

"Endelea."

Uso ukaondoka. Kamba ikaondoka. Nyuma yetu bantu bakaacha kupumua.

"Endelea!"

Bunduki ikakaa begani mwa Rukunda. Patrice akaondoa kidole kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Sasa rudisha kulia."

Kibuyu kikarudi. Bila kuambiwa, akakokota tena kushoto, akarudisha tena kulia. Mara tatu.

"Hakuna bunduki," nikasema. "Haikuwepo, na hakuna aliyeitia. Ni weusi tu. Na aliyetia weusi si Dany. Ni mi. Dany nilimusingizia."



Halafu matusi. Siyaandiki hapa. "Bamama ba maombi" njo lilikuwa dogo kuliko yote. Patrice hakutukana. Aliweka jiwe chini na mikono miwili, kama yai.

"Mama, ningemupiga hili kichwani. Unajua?"

"Najua."

"Apana. Hujui."

Dany akapanguza damu, akaangalia mashini yangu juu ya bega la Patrice.

"Nilikuambia," akasema. "Kazi ya muntu asiyejua."

Hakuna aliyecheka.

Rukunda alipandishwa siku ile ile na Patrice mwenyewe kwa pikipiki yake, shefu nyuma yao, mpaka pale barabara inaishia. Tangu hapo hajashuka. Siagi inaletwa na muke wake Nyirabahire. Ananipita bila kunisalimia, na ana haki.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema yote. Dany alikuwepo. Alitoka kabla sijamaliza. Vioo nimeviweka vipya, lakini salamu yangu mpaka leo hajajibu.

Ile foto ilitembeaje? Igihozo aliiweka kwenye statu yake ya WhatsApp kwa kumukumbuka baba. Kuna muntu aliichukua, akaandika yale maneno chini. Ni nani, hatujui.

Igihozo alinipigia. Nilishika simu nikijua nitalaaniwa.

"Mama," akasema, "nitumie ile mbichi."

"Mutoto wangu, nisamehe."

"Ile ya kwanza nilikurudishia mioyo ju ya heshima tu. Nilikuza, nikakuza, nikatafuta uso wa baba. Haukuwepo."

Miaka sita mutoto anangoja uso wa baba yake. Mi nikamutumia kofia na giza, na nikajisifu.

Kwa hiyo nimeongeza kitu kimoja kwenye utaratibu wangu: foto haitoki kwangu mpaka mwenye uso aione kwanza, hata nikingoja mwezi mzima arudi sokoni. Na weye unayepiga foto, ukitaka vivuli vizuri, tafuta muti. Uso wa muntu uuache uonekane.

Na weye uliyetuma kwa bantu kumi. Ulitumia kidole kimoja, ukaendelea na chai yako. Huku kwetu muntu alikuwa ameshika jiwe.

Bado inatembea, mujue. Wiki iliyopita namba nisiyoijua kutoka Kilembwe ilinitumia: "Mama, mujichunge, bameshuka."

Nikamujibu: "Huyo ni Muzee Rukunda. Hicho ni kibuyu cha maziwa. Aliyetia giza ni mimi, Félicité wa Baraka."

Akasoma.

Halafu akanibloka.