Mkalimani wa Mchungaji

Waandishi wakiniuliza nilijifunza wapi uigizaji, huwa nawatajia chuo, maana ndicho wanachotaka kusikia. Lakini mimi nilianzia mtaa wa Handsworth, katika ukumbi tuliokodi kwa ibada za Jumapili, sisi tuliotoka Kongo. Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili, nami, msichana wa sekondari, nilisimama kando yake na maikrofoni ya pili nikitafsiri kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa Birmingham.

Maneno matupu hayakumtosha. Akipaza sauti, nami nipaze. Akipiga magoti, nami nipige. Jumapili moja mahubiri yalinigusa, nikaanza kulia naye bado anasimulia. Baada ya ibada alinikemea: "Binti yangu, usinitangulie kulia. Unisikilize kwanza, machozi yatakuja." Nilinuna wiki nzima.

Tangu hapo nimeigiza jukwaani na kwenye televisheni, mara nyingi nikiwa nesi, na waongozaji hunisifia jambo lilelile: kwamba namsikiliza mwenzangu. Sifa hiyo si yangu.

Mwaka huu nilipewa nafasi kubwa katika tamthilia hapa mjini, nikamwalika mchungaji. Amezeeka sasa, na Kiingereza bado kinamshinda. Kutoka jukwaani nilimwona mstari wa mbele, amenikazia macho. Onyesho lilipokwisha nilimkuta mlangoni, leso mkononi, macho mekundu.

"Sikuelewa hata neno moja," akaniambia. "Nilingoja ulie kwanza."