Nilimchagulia bosi wangu Riyadh bastola nyembamba, nusura dada wa kazi afungwe

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimeshindwa kupita baada ya kuona mdau anaomba ushauri wa bastola nyembamba yenye risasi kubwa, ya kutembea nayo kila siku bila watu kugundua. Nimeona mlivyomjazia ushauri: unene, uzito, kaliba, bei.

Na mimi nilishawahi kutoa ushauri wa aina hiyo hiyo. Nusura dada wa watu aozee jela ya ugenini kwa ajili ya ushauri wangu.

Nitaeleza yote, na pale nilipochemka nitasema nilichemka. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwa asili ni mtu wa Tanga. Kabla ya kwenda Saudia nilifanya kazi miaka sita kwenye duka la silaha Arusha. Wateja wetu walikuwa wawindaji na wenye mashamba, na kazi yangu ilikuwa kusafisha bunduki na kuwaelekeza wanunuzi. Kwa hiyo bastola nazijua, na nilikuwa najisifia sana kwamba nazijua. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Saudia nilikuwa dereva wa nyumbani. Familia inakaa Malaz, Riyadh, mtaa wa zamani wenye maghorofa ya kawaida tu. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye sote tulimwita baba, ni mzee wa miaka sitini na kitu, mfanyabiashara wa dhahabu. Kila baada ya wiki mbili nampeleka Jeddah, anashughulika na wateja wake Balad, mji mkongwe, tunalala, tunarudi. Barabara ndefu ile, lakini mzee ana stori.

Niwaambie ukweli, baba alikuwa mtu mzuri. Najua humu tukisema kafili watu wanawaza mateso tu. Huyu alikuwa anakula na mimi sahani moja njiani, na mama yangu alipolazwa alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba.

Sasa siku moja Jeddah, kwenye maegesho ya chini ya jengo, vijana wawili walimbana ukutani wakamnyang'anya mkoba. Mimi nilikuwa nimeenda kuleta gari. Saudia si nchi ya kuogopa vibaka, ndiyo maana ilimvuruga kabisa. Alianza kugeuka nyuma kila hatua, hata akienda kununua mkate.

Kibali cha silaha alikuwa nacho siku nyingi, na bastola alikuwa nayo, dude nene la milimita tisa, magazini ya mistari miwili. Akaanza kutembea nalo.

Wakuu, wale wanavaa kanzu nyeupe, kitambaa chepesi. Mkanda hamna, shati la kufunika hamna. Lile dude lilikuwa linachomoza kiunoni mpaka muuza chai anaona. Nikacheka. Baba akaniuliza unacheka nini, nikamwambia mimi kazi yangu ya zamani ilikuwa hiyo.

Ningenyamaza pale, uzi huu usingekuwepo.

Basi bwana, nikawa mshauri. Siku nzima tukiwa barabarani ni bastola tu. Nikamwambia achukue ile ya risasi zilizopangwa mstari mmoja, unene wake kama inchi moja tu, inalala bapa kwenye mwili. Yeye aliitaka risasi kubwa, pointi fotifaivu, kwa imani kwamba ikigusa mtu basi. Nikamweleza kwamba risasi kubwa kwenye bastola nyembamba inarusha mkono, na zinaingia sita au saba tu. Akasema saba zinanitosha, sina ugomvi na watu wengi.

(Kwa yule mdau: kaliba kubwa haisaidii kama hulengi. Hilo bado nalisimamia.)

Tukaenda duka lenye leseni, yeye akanunua kwa kibali chake, mimi nimesimama nyuma nanong'ona. Alikuwa na maumivu ya viungo vya vidole, hivyo nikamchagulia yenye kifyatulio chepesi. Nikamshauri risasi moja ikae chemba muda wote ili asihangaike kuikoki. Na sefti, ile kufuli ya usalama, je? Sefti nilimwambia asiiwashe, kwa vidole vile angechelewa kuishusha. Sifichi aibu, nilisema kwa mdomo wangu.

Ikabaki itakaa wapi. Hapo nikatoa wazo ambalo nililiona la kisomi kweli kweli.

Pale Balad kuna fundi cherehani mwenye asili ya Unguja, wazee wake walihamia huko baada ya mapinduzi. Nikampelekea kanzu tatu za baba, azishonee ndani ya mfuko wa ubavuni mfuko mwingine wa ngozi laini. Mkono unaingia tu, bastola hii hapa. Fundi alivuta miwani akaniuliza, "Hii n'kwa ajili ya kutilia nini, mwanangu?" Nikasema simu. Akanitazama, akashona.

Kazi ilitoka safi. Baba akivaa, huwezi kujua kama ana kitu. Yeye mwenyewe alikuwa anasema anasahau kama anayo, na mimi kusikia vile nilijiona fundi.

Jambo moja: madam, yaani mke wake, hakuambiwa. Kaka yake alikufa kwa risasi ya shangwe harusini, na tangu hapo silaha ndani ya nyumba yake ni mwiko. Ile nene ilikuwa inakaa ofisini. Hii mpya baba alikuwa anaificha kwenye kisanduku cha chuma ndani ya gari, asubuhi anaichukua, jioni anairudisha. Tuliojua ni wawili, yeye na mimi.

Sasa niwaambie kuhusu Nafula.

Nafula ni dada wa Kikenya, wa Bungoma, ndiye alikuwa anafanya kazi za ndani. Mkristo, mpole, akicheka anaziba mdomo. Alimwacha mtoto wake wa kiume akiwa na mwaka mmoja, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili. Alikuwa ananiita kaka. Kwenye nyumba ile tulikuwa sisi wawili tu wa kuongea Kiswahili, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa nyumbani kwangu, kama mnanielewa.

Ikaja Ijumaa moja. Asubuhi tulitoka kupeleka mzigo kwa mteja, tukarudi mnamo saa tano. Baba alikuwa amechelewa kujiandaa kwa swala. Kanzu ya Ijumaa anavaa nyingine, ya kwenda msikitini, haina mfuko ule. Akavua aliyokuwa nayo, akaitupia juu ya kapu la nguo chafu koridoni, akajifukiza udi, yalla, tukaondoka.

Tunafika msikitini anashika ubavu. Akanigeukia. "Iko wapi?"

Mimi nilidhani iko kwenye kisanduku. Yeye alidhani hivyo hivyo. Tukafungua kisanduku, mafi, hakuna kitu. Wakuu, jasho lilinitoka na kiyoyozi kinawaka. Imeshonewa kwenye kanzu, ni nyembamba, mtu haihisi, amevua kanzu amevua na bastola. Zile sifa zote nilizoipigia debe ndizo zilizoiacha juu ya kapu la nguo, nyumba yenye mtoto wa miaka minne.

Mtoto anaitwa Lulwa. Kitinda mimba wao, roho ya baba.

Swala hatukuswali. Niligeuza gari, na njia nzima baba anasoma dua kwa sauti.

Tunapanda ngazi tunasikia kelele. Sebuleni madam amesimama, mkono mmoja kamkumbatia Lulwa. Mezani kuna bastola juu ya kitambaa cha jikoni, ina punje za mchele. Nafula amepiga magoti kwenye zulia.

Madam alikuwa amefungua pipa la mchele apime wa chakula cha mchana, akaikuta ndani. Kwa akili yake mambo yalikuwa wazi. Haijui bastola ile, mumewe hana kitu kama hicho, jikoni ni kwa Nafula. "Haramia! Alitaka kutuua!" Na simu iko mkononi, anatafuta namba ya polisi.

Nafula anajieleza kwa Kiarabu chake cha jikoni, hakitoshi. Anasema imetoka kwenye nguo, nguo za baba. Madam hasikii.

Hapa ndipo ninapoona haya kuandika.

Baba alinyamaza. Aliogopa mke wake, aliogopa kunyang'anywa kibali chake. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nafikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi, kwamba dereva mgeni aliyejiingiza kwenye mambo ya silaha, hakuna wa kumsikiliza. Nilifikiria mama. Nilifikiria kila kitu isipokuwa yule aliyepiga magoti.

Nafula alinitazama. Nikatazama zulia.

Akanitazama tena. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Kaka, si uwaambie imetoka kwa kanzu. Wewe unajua kuongea nao."

Nikaendelea na zulia. Hata yeye hakujua kwamba mimi najua. Alikuwa anaomba mkalimani tu.

Madam akapata namba, akaweka simu sikioni. Nafula akanitazama mara ya tatu, na sura ilibadilika. Nadhani hapo ndipo alipogundua.

Ndipo mdomo ukafunguka. Nikasema, "Madam, kata simu. Mfuko wa kanzu niliushonesha mimi. Bastola ni ya baba, na niliyemchagulia ni mimi."

Baba akakaa chini kwenye zulia pale pale, mzee mzima, akafunika uso kwa shemagi yake ya kichwani. "Ni kweli," alisema. "Ni yangu. Niliisahau. Nafula hana kosa."

Madam akashusha simu. Akamuuliza Nafula, sasa kwa sauti ndogo, kwa nini hakuja kumwambia. Nikatafsiri. Nafula akasema nyumba aliyofanyia kazi mwanzo, mwenzake aliokota pete ya bosi, akairudisha kwa mkono wake, akaitwa mwizi. Simu yake inakaa kwa madam mpaka jioni, hivyo hakuweza kumpigia mtu. Akaamua kuificha pale ambapo mtoto hafiki, asubiri gari yetu ili anikabidhi mimi.

"Kwani mtoto alikuwa ameiona?" madam akauliza.

Nafula akamtazama Lulwa. Halafu akasema, "Nilimpata nayo mkononi. Alikuwa anaangalia ile shimo ya mbele. Nikamwambia tubadilishane, nikampea biskuti."

Hilo nilitafsiri kwa shida.

Baba akaniambia niitoe risasi. Nikaelekeza mdomo wa bastola kwenye ukuta wa nje, nikachomoa magazini, nikavuta sehemu ya juu nyuma. Ile ya chemba ikaruka ikadondoka kwenye zulia. Madam akaitazama, akamvuta Lulwa kifuani, na mkono mwingine akamvuta Nafula. Walilia wote watatu. Mimi nilitoka nikasimama ngazini.

Wiki ile ile baba aliirudisha bastola dukani na karatasi zake. Safari za Jeddah mzigo ukawa unapelekwa na kampuni, sisi tunaenda watupu. Mimi hakunifukuza. Alimwomba Nafula msamaha mbele ya watoto wake wote wakubwa, na simu yake akarudishiwa, ikawa inakaa kwake mchana kutwa.

Nafula alimaliza miezi yake miwili. Alikuwa ananisalimia vizuri, ananiwekea chakula, lakini lile neno kaka lilipotea.

Siku ya kuondoka nilimpeleka uwanja wa ndege. Madam alimjazia masanduku mawili. Nikashusha mizigo, nikamwambia nisamehe dada yangu, nilikuingiza kwenye matatizo kwa ujuaji wangu wa silaha.

Akasema, "Hiyo ya bunduki nilikusamehe siku hiyo hiyo. Kila mtu hukosea. Lakini nilikuangalia mara tatu, na ulikuwa unajua. Hiyo bado nashindwa nayo."

Akachukua toroli akaingia ndani.

Sasa wakuu, nirudi kwa mdau wetu. Sikukatazi kununua, kama sheria ya ulipo inakuruhusu. Ila hayo maswali ya unene na kaliba yaweke kando kwanza. Jiulize ukivua nguo inabaki wapi, nani anafua nguo zako, na watoto wanapita wapi. Usiishonee kwenye nguo. Mwenzako wa ndani ajue ipo. Na kama unafurahi kwamba umeizoea mpaka huihisi, hapo ndipo uogope.

Mnaotaka kunipiga mawe, uwanja ni wenu, sitajibu kwa hasira. Waliopo Saudia waseme na yao. Na wale mnaojua zaidi yangu kuhusu silaha, nirekebisheni.

Ila kuna swali moja ambalo hamtaweza kunisaidia, na ndilo linaloniamsha. Angekuwa dada yangu wa tumbo moja pale kwenye zulia, angehitaji kunitazama mara ngapi?